Mlango wa Bi. Nyamizi

Mlango ndio uliotokea kwanza. Ulijichora polepole katikati ya ukumbi mtupu, ubao baada ya ubao, mpaka ukasimama mlango mzima wa mninga uliofifia rangi, wenye komeo la chuma na ufa mrefu upande wa kulia. Kisha zikaja kuta, baraza la saruji, ndoo ya bluu iliyojaa maji na mkeka uliokunjwa ukaegemezwa ukutani. Mwisho zikaja sauti: kuku mahali fulani nyuma ya nyumba, na redio ya jirani asiyejua kupunguza sauti.

Hamdani Maganga, mfungwa mwenye sare ya rangi ya chungwa, alivuta pumzi akasogea hadi barazani.

"Hodi," alisema.

Kimya.

"Hodi!"

Ndani kitu kilisogezwa, labda kigoda.

"Hodi wenyewe!"

Hapo akainama, akavua viatu na kuvipanga kando ya mlango. Alipokuwa akiinuka komeo likalia, mlango ukafunguka, na mwanamke mzee mwenye kanga ya kijani akasimama mbele yake.

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Ingia ndani, jua kali."

Nje ya ukumbi hakukuwa na jua lolote. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya Gereza la Igalamilo tangu asubuhi, na mji wa Tabora, pamoja na minara yake ya vioo na treni zake za sumaku, ulikuwa umefunikwa na ukungu. Lakini ndani ya Jukwaa Hai jua lilikuwa la saa nane mchana, na lingebaki hivyo mpaka mhandisi aamue vinginevyo.

Mhandisi huyo alikuwa Kalunde Mihayo, mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyekaa nyuma ya kioo akitazama kazi ya mikono yake. Hewa ya ukumbi ule ilijaa vumbi laini alilolibuni mwenyewe, unga-nuru, ambalo kila chembe yake ilitii akili unde ya mtambo. Chembe ziliweza kujikusanya, kung'aa na kukazana kiasi kwamba ukiupiga mlango ngumi, vidole vinauma. Watu waliotokea humo waliitwa vivulimtu. Kivulimtu alitengenezwa kutokana na kisikizi, kile kifaa kinachowekwa kwenye dari ya kila nyumba kusikiliza moto na wezi. Kisikizi husikia pia mengine yote: jinsi mtu anavyocheka, anavyokohoa, anavyomwita mwanawe. Sheria iliruhusu gereza kuazima kumbukumbu za kisikizi kwa ridhaa ya mtu mzima yeyote wa nyumba ile. Upande wa akina Maganga, aliyeweka kidole kuridhia ni Mwanne, dada yake Hamdani. Alifikiri anamsaidia kaka yake, na wala hakuona haja ya kumsumbua mama.

Shabaha ya yote hayo ilikuwa njema. Mfungwa aliyebakiza muda mfupi aliingia jukwaani kila siku kuigiza siku yake ya kwanza uraiani: kupiga hodi, kuamkia, kuomba radhi, kukaa na watu bila kuinamisha kichwa. Wakubwa waliokuja kutazama walipiga makofi, wengine walitoa leso. Wakubwa wanapenda sana kulia mbele ya mashine.

"Leo ameomba radhi vizuri kuliko jana," alisema Afande Sospeter Luhende, askari mnene aliyesimamia zamu ya jukwaa. "Pale anapomtaja marehemu, sauti inakatika kidogo. Safi sana. Mimi mwenyewe ningemsamehe."

Marehemu alikuwa Idrisa, mdogo wake Hamdani. Miaka tisa nyuma, Hamdani, akiwa kijana mwenye sifa nyingi na akili chache, alifungua kinga ya gari-jiendeshe ili aendeshe kwa mikono yake, jambo lililopigwa marufuku kabla hajazaliwa. Alitaka kumwonesha mdogo wake jinsi mababu walivyokuwa wakikimbiza magari. Idrisa hakutaka kupanda. Hamdani alimcheka mpaka akapanda. Gari lilipinduka kabla ya kufika Itetemia, na aliyetoka hai ni yule aliyekuwa anacheka.

Kumbe kabla ya unga-nuru, maigizo ya Igalamilo yalikuwa ya kawaida kabisa. Kalunde aliyaanzisha yeye mwenyewe alipokuwa bado mwalimu wa kujitolea, ndiyo maana wafungwa waliendelea kumwita Mwalimu. Ukumbi wao ulikuwa bwalo la chakula, mlango wao benchi lililosimamishwa wima, na mama wao Kapufi, jambazi mwenye shingo nene aliyejifunga kanga ya mke wa Afande Luhende. Kapufi alikuwa mama mkali.

"Nani? Simjui," alikuwa akijibu kwa sauti nyembamba, bwalo zima likivunjika mbavu. "Hapa hakuna mtoto wa jina hilo. Nenda zako, nina mboga jikoni."

Na mwenzake nje ya benchi alilazimika kutafuta la kusema. Wengine walilipata, wengine hawakulipata kabisa, kengele ya uji ikalia mlango ukiwa bado umefungwa. Basi selo nzima ilibishana mpaka usingizi: angesema hivi, asingesema vile. Wengi wa wafungwa wale walitoka, na hawakurudi.

Lakini kijana mmoja wa Nzega, mpole, mwenye kigugumizi, alinyimwa mlango na Kapufi wiki nzima. Asubuhi moja walimkuta bafuni amejinyonga kwa shuka. Kapufi alilia kuliko wote. Kalunde hakulia, aliapa. Miaka ilipopita na yeye akapewa jukumu la kubuni Jukwaa Hai, aliweka ndani ya akili ya mtambo amri moja aliyoiita sharti la huruma: hodi ya tatu ikipigwa, mlango ufunguke. Mama wa kivuli angeweza kulalamika, kununa, hata kulia. Kukataa hakuweza.

Siku moja kabla ya kuachiwa, Hamdani alikuja mbele ya kioo akiwa bado ameshika viatu mkononi.

"Mwalimu, naomba kuuliza."

"Uliza, Hamdani."

"Huyu mama wa humu hana harufu. Mama yangu ananukia moshi, na matobolwa. Alikuwa anatupikia kila Jumapili. Wewe unayajua matobolwa?"

"Mimi Mnyamwezi mwenzako, bwana. Nitakosaje kujua viazi vya kukausha na karanga zake?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Na kama asipofungua?"

Kalunde alimtazama. Mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa amelala na kuamka na hofu hiyo moja kwa miaka tisa. Hakutaka kazi, hakutaka nyumba ya mpito waliyompangia, hakuulizia hata simu. Alitaka mama yake amwambie karibu. Basi Kalunde akajibu kama mtu anayeijua kesho, ilhali alichokijua ni mtambo wake tu.

"Atafungua," alisema.

Walikwenda mtaa wa Ng'ambo, kwa mama yake, asubuhi iliyofuata. Kwa kuwa Hamdani alikuwa mwanafunzi bora wa jukwaa, wakubwa walimtaka Kalunde amsindikize na kuona mwenyewe matunda ya kazi yake. Gari-jiendeshe liliteleza kimya kati ya vibanda vya wauza asali na roboti wa kufagia barabara. Hamdani alikaa kiti cha nyuma, mikono ameikalia, macho kwenye magoti. Njia nzima hakuinua uso kutazama usukani.

Nyumba ilikuwa ileile. Mlango ulikuwa umepakwa rangi upya, ya maziwa, na ndoo haikuwa ya bluu tena. Baraza lilikuwa limefagiliwa asubuhi ile ile. Alama za ufagio zilionekana mpaka barabarani. Kalunde alibaki kando ya gari, moyo ukimdunda kana kwamba yeye ndiye mwenye mama.

"Hodi," alisema Hamdani.

Kimya.

"Hodi!"

Ndani palisikika nyayo. Kalunde akafumba macho kwa shukrani.

"Hodi wenyewe!"

Hamdani akainama, akavua viatu, akavipanga kando ya mlango.

Komeo lilikuwa limeanza kulia. Kalunde alilisikia waziwazi, chuma kikikwaruza chuma. Kisha likanyamaza. Hamdani aliinuka akasimama pekupeku mbele ya mlango uliofungwa, uso wake umekwisha kujiandaa kutabasamu.

Dirisha la kando lilikuwa wazi, na humo sauti ya Bi. Nyamizi, mama yake, ikatoka, tulivu.

"Nani amekukaribisha?"

"Mama, ni mimi. Hamdani."

"Nimekujua. Nimekuona tangu unashuka garini. Nakuuliza, nani amekukaribisha mpaka ukavua viatu?"

Hamdani aliitazama miguu yake. Swali lile hakuwahi kuulizwa jukwaani. Kule, baada ya hodi ya tatu, ilikuwa zamu ya viatu, na mguu ulikwenda wenyewe bila kuagizwa. Akafanya alichofundishwa kufanya mtu akibabaika: akarudi kwenye maneno aliyoyajua.

"Mama, nimekuja mbele yako bila kujitetea. Nilimtoa Idrisa nyumbani nikimcheka, na sikumrudisha. Kila siku..." Sauti ikakatika kidogo, palepale inapokatika siku zote. "Kila siku namwona. Siombi usahau, naomba uniruhusu niwe mwanao tena."

Kila neno lilikuwa la kweli. Kalunde angeweza kuapa hivyo mbele ya mahakama yoyote, kwa maana aliyasikia maneno yale yalipozaliwa, siku ya kwanza, yakiwa yamevunjikavunjika na makamasi juu. Lakini tangu siku ile yalikuwa yamesuguliwa kila mchana mpaka yakawa laini kama sakafu ya msikiti.

Ndani, Bi. Nyamizi aliyasikiliza mpaka mwisho.

"Maneno haya umeshayasema mara ngapi?"

"Mara nyingi, mama."

"Ukimwambia nani?"

Hamdani akageuka kumtazama Kalunde, na Kalunde akalazimika kusogea.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mwalimu wake kule gerezani. Tuna jukwaa la mazoezi. Tunatengeneza kivuli cha mtu, kinakaa na kuongea kama yeye, ili mfungwa asije akababaika siku ya..."

"Kivuli changu mimi?"

"Ndiyo, mama. Tuliazima kisikizi chenu."

Kutoka uani alikuja mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akasimama amejishika mdomo. Alikuwa Mwanne. "Mama, mimi ndiye niliyeweka kidole," alisema. "Walisema ni kwa ajili ya kumsaidia."

Bi. Nyamizi hakumjibu binti yake. Uso wake ulitokea dirishani, na Kalunde alishtuka jinsi ulivyofanana na ule wa jukwaani, na jinsi ulivyokuwa umezeeka kuupita.

"Na huyo mimi wa kwenu, anamfungulia?"

"Anamfungulia, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Anamwita mwanangu?"

Kalunde akaitikia kwa kichwa.

"Sikiliza, binti. Nilikuwa nimeshika komeo. Usiku kucha sikulala, nimefagia hilo baraza mara mbili, nikasema akija nitamwacha apige hodi, nimtazame, moyo wangu uamue. Idrisa alichukuliwa, hakuna aliyeniuliza. Nikabaki na kitu kimoja tu hapa ndani, cha kumpa huyu au kumnyima. Kimoja. Na hicho nacho mmekwenda kukichukua, mkampa kwa sauti yangu, mimi nipo hapa natwanga karanga sina habari." Akamnyooshea Hamdani kidole. "Sasa nifungue nimpe nini? Ameshapewa. Mtazame, amekuja kwangu ameshavua viatu."

Akavuta dirisha.

Hamdani alibaki amesimama. Mtu aliyepiga hodi mara tatu asikaribishwe hana budi kuondoka. Hilo hata mtoto wa Ng'ambo analijua. Alisubiri bado kitambo, kama anayengoja mtu mwingine aseme zamu yake. Kisha akaviokota viatu vyake akarudi garini pekupeku.

Kalunde hakumwacha. Alimfuata nyumba ya mpito, siku baada ya siku, akimsihi arudi Ng'ambo. "Rudi bila maneno," alimwambia. "Kaa hapo barabarani tu akuone. Alikuwa ameshika komeo, Hamdani. Amesema mwenyewe."

"Sijui nitamwambia nini, Mwalimu."

"Usimwambie kitu."

"Akiniuliza? Yule ana maswali. Mimi maswali yale sikufundishwa."

Jioni moja Hamdani alikwenda Igalamilo kwa miguu, akamkuta Afande Luhende langoni, akaomba kuingia. Hakutaka kulala, alisema. Alitaka kipindi kimoja cha jukwaa tu, kisha angeondoka zake.

"Ndugu yangu, hapa haingii mtu hivihivi," Luhende alimjibu akicheka. "Hapa mpaka uwe na kosa."

Baadaye Luhende aliujutia utani huo, na aliurudia kwa kila aliyekubali kumsikiliza, kama vile kuusimulia kungeufuta. Hamdani alimshukuru, akatafuta jiwe, akalivunja jicho-lango, lile lenzi kubwa linalotambua sura za watu. Kisha akakaa chini kusubiri kukamatwa. Hakimu alimpa mwaka na nusu. Wanasema alipousikia muda huo alishusha pumzi kama mtu aliyefika.

Ndipo Kalunde alipofungua macho, na ni aibu kwamba alichelewa hivyo. Alianza kuwauliza waliorudi, mmoja mmoja, kwa nini wamerudi. Mmoja aliiba ndoo akaipeleka mwenyewe kituoni. Mwingine alimzaba kofi askari asiyemjua, akamwomba radhi palepale. Wote walikuwa wanafunzi wazuri wa jukwaa, wote walikutana na mlango ambao haukufunguka, au uliofunguka ukatoa matusi, na hakuna hata mmoja aliyejua kusimama pale na kutafuta la kusema. Nchi nzima sasa ilikuwa na majukwaa kama lile. Aliwaeleza wakubwa. Walimsikiliza kwa heshima, wakamwambia kwamba magereza hayajawahi kuwa na utulivu namna hii, na wakamwagizia chai.

Kwa kuwa hakuweza kulizima jukwaa, aliamua kulitengeneza lile aliloliharibu, japo kwa mtu mmoja. Aliingia ndani ya akili ya mtambo akaliondoa sharti la huruma katika kipindi cha Hamdani. Tangu hapo mama wa kivuli angeamua mwenyewe, kama Kapufi alivyokuwa akiamua nyuma ya benchi.

Hamdani aliingia siku hiyo uso umechangamka. Alipiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akavua viatu. Mlango haukufunguka. Redio ya jirani iliendelea kuimba.

Alingoja. Kisha akageuka kwenye kioo.

"Mwalimu, mlango umeharibika."

"Haujaharibika, Hamdani. Vaa viatu. Ongea naye, yupo anakusikia."

"Umeharibika," alirudia bila hasira, kama mpangaji anayetoa taarifa ya bomba linalovuja. "Naomba uutengeneze."

Hakupiga hodi tena. Alikaa barazani mpaka kipindi kikaisha. Kesho yake vilevile, na kesho yake tena. Kalunde alimbembeleza, akamfokea, siku moja aliingia mwenyewe jukwaani akasimama mlangoni kumwonesha namna ya kuongea na mlango uliofungwa. Hamdani alimtazama kwa adabu. Akaacha kula. Asubuhi moja Luhende alipomwambia kwamba sahani ya Hamdani imerudi tena ilivyo, na kwamba usiku alikuwa amekaa akilikunja shuka na kulikunjua, Kalunde alimwona yule kijana wa Nzega mbele yake, na kigugumizi chake. Alilirudisha sharti la huruma kwa kidole kimoja. Aliona aibu, na alilirudisha hivyohivyo.

Mchana ule Hamdani alipiga hodi, akavua viatu, akakaribishwa. Jioni alimaliza ugali wote.

Miezi ikapita. Jumapili moja, saa za wageni, Luhende alikuja ofisini kwa Kalunde bila kubisha hodi, kofia mkononi.

"Mwalimu, njoo. Mama yake Hamdani yupo hapa. Mwenyewe. Wa kweli."

Bi. Nyamizi alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha wageni, amevaa kanga iliyonyooshwa vizuri, bakuli limefungwa kitambaa mapajani. Chumba kizima kilikuwa kinanukia moshi wa kuni na karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Mwambie nimekuja." Aliongea akilitazama bakuli. "Sijamsamehe, usimdanganye. Mmeshamdanganya vya kutosha. Mwambie maneno yangu yamenichosha, nimekaa nayo ndani peke yangu hayana pa kwenda. Nataka nimwone. Nimemletea matobolwa."

Kalunde alikimbia. Kwa umri wake na cheo chake alikimbia koridoni, wafungwa wakampisha.

Jukwaani jua lilikuwa la saa nane. Hamdani alikuwa amekaa kwenye mkeka, pekupeku, na kivulimtu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yake akimmiminia chai isiyo na joto. Kalunde aliingia moja kwa moja, akaukanyaga mkeka kwa viatu vyake.

"Hamdani, amka. Mama yako yuko nje. Amekuja kukuona."

Alimtazama Kalunde, kisha akamtazama mwanamke wa kwenye kigoda, kisha akarudi kwa Kalunde. Hakuwa amerukwa na akili. Ingekuwa nafuu kama angekuwa amerukwa.

"Amesemaje?"

"Anasema hajakusamehe. Ila anataka akuone. Amekuletea matobolwa, Hamdani, ukifika pale koridoni utaisikia harufu yake."

Alifumba macho. Pua yake ilitanuka, ikitafuta kitu katika hewa ile ya unga-nuru, na kwa muda Kalunde aliamini kwamba atainuka. Alikuwa ameshaegemea mkono mmoja chini.

"Kunywa chai, mwanangu," alisema kivulimtu. "Itapoa."

Mkono ukaondoka chini, ukapokea kikombe.

"Huyu amefungua, Mwalimu," alisema Hamdani polepole. "Yule nitakwenda kumwambia nini? Mwambie..." Akatafuta, na Kalunde aliona jinsi anavyotafuta kwa dhati na kukuta patupu. "Mwambie nimeshamwona mama leo."

Kalunde alitoka hadi kwenye kioo akaweka mkono kwenye swichi kuu. Angeizima, nyumba ingepukutika yote, na mtu yule angebaki amekaa katikati ya sakafu tupu, hana mahali pengine pa kwenda isipokuwa koridoni. Au hana mahali kabisa. Alifikiria shuka linalokunjwa na kukunjuliwa. Akautoa mkono.

Alirudi chumba cha wageni akitembea.

"Anakuja?" Bi. Nyamizi aliuliza.

"Yuko mazoezini, mama."

"Yuko kwa yule mwingine."

Kalunde akakaa mwishoni mwa benchi.

"Amemfungulia?"

"Ndiyo, mama."

Mzee yule alikaza fundo la kitambaa juu ya bakuli ili joto lisitoke.

"Basi nitasubiri atoke kwake," alisema. "Mimi sina haraka."

Wageni wengine waliingia, wakalia, wakacheka, wakaaga. Kengele ya kufunga saa za wageni ilipolia, Afande Luhende alijifanya hakuisikia. Ilipolia mara ya pili alimwendea Bi. Nyamizi, na hapo ndipo alipoona kwamba mama yule amevua viatu vyake, ameviweka kando ya mlango wa chuma unaoelekea ndani, ule ambao hakuna aliyemkaribisha apite. Luhende alitafuta la kumwambia, akalikosa. Akainama, akaviokota vile viatu, akavifuta vumbi kwa kiganja na kumrudishia.